D yangu ya hesabu

Leo asubuhi nilikuwa natafuta kitambulisho changu cha NIDA kwenye ule mkoba wa vyeti, nikakutana na kauntabuku yangu ya hesabu, daftari nene la kwaya tatu, kava limechanika lina doa la chai, nikakaa zangu mkekani nikaanza kuisoma kama barua ya mtu mwingine, mpaka mteja akagonga dirisha la kibanda, "Da wakala upo?" Nipo, ila nipe dakika.

Mimi ni wa form four ya 2012, na wenzangu wa mwaka ule hapo mshaanza kucheka. Matokeo yalitoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wakapata divisheni ziro, yaani kufeli, nchi nzima gumzo ni hilo tu, bungeni hilo, kwenye daladala hilo, Waziri Mkuu akaunda tume na baadaye matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Kuna watu ule upangaji uliwainua, mtaani kwetu tu nawajua wawili. Mimi hesabu nilipata F, wakapanga upya, ikarudi F.

Basi nikaishi nayo. Nimekuwa wakala wa pesa za simu miaka mingi, floti yangu, ile pesa ya kuzungushia, hailali imepungua hata mia, natoa, naweka, najua kamisheni yangu kichwani kabla meseji haijaingia, halafu kila chuo nikiulizia kozi ya uhasibu wanataka hesabu angalau D. Inauma kidogo, we acha tu.

2022 nikajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea. Sasa hapo ndo nilifanya ujinga. Nilianza kusoma miezi mitatu kabla ya mtihani, nikalipia twisheni, nikanunua kalamu za rangi nne, nikaweka status kila siku niko na kitabu na kikombe cha kahawa, usiku nakesha mpaka saa nane, asubuhi nahudumia watu nimevimba macho, siku moja nikamtumia mtu laki moja badala ya elfu kumi (alirudisha, Mungu ambariki). Nilisoma mada zote, zote kabisa, kama mtu anayemwaga maji juani. Matokeo F. Na kwa sababu nilishawatangazia watu wote, wote wakaniuliza.

Uchungu ulipopoa ndo nikapiga hesabu yangu ya kwanza ya maana. Mtihani una maswali 14, kumi ya mwanzo yana alama sita sita, manne ya mwisho kumi kumi, jumla 100. D inaanzia 30. Thelathini tu! Maswali matano ya sehemu ya kwanza ukiyapata kamili umefika, na mimi nilikuwa nahangaika na mia nzima. Nikachagua mada zangu, seti, takwimu, uwiano na akaunti, mifuatano, matriksi, linia programingi (ile ya kuchora mistari kutafuta faida kubwa au gharama ndogo), zingine nikazisamehe. Na sikumwambia mtu safari hii, mama tu, naye nilimwambia kwa sababu simu yangu ilikuwa inalala chumbani kwake.

Utaratibu ulikuwa swali moja kwa siku, saa kumi na moja na nusu alfajiri mpaka saa kumi na mbili na robo, kisha namwandaa mtoto, nafungua kibanda. Likiisha mapema sigusi la pili hata kama nina moto. Hilo la kutogusa la pili lilikuwa gumu kuliko kuamka, maana siku ukijisikia unajiona profesa unataka kumaliza kitabu kizima, na najijua, nikimaliza kitabu leo kesho na keshokutwa hunioni.

Linia programingi ilinitesa. Kutunga zile "isizidi" na "isipungue" niliweza, kuchora mistari niliweza, ila kutia kivuli kila siku natia upande usio wenyewe, wiki nzima naangalia majibu ya pasti pepa nashangaa wao eneo lao liko huku langu liko kule. Pale kijiweni kwangu kuna dogo wa bodaboda, kamaliza form six PCM (fizikia, kemia na hesabu) anasubiri mambo yake, siku hiyo akachungulia akaniambia, "Dada, usibahatishe, chukua sifuri sifuri uiweke kwenye hiyo "isizidi" yako, ikikubali basi upande wenye sifuri sifuri ndo wenyewe." Yaani hicho tu! Wiki nzima! Nilimpa soda.

Huyo huyo ndo alinirudisha kwenye dunia kama tufe, mada niliyokuwa nimeiacha nikasema mimi sio baharia. Akaniambia miji ikiwa longitudo moja na upande mmoja wa ikweta unatoa latitudo ndogo kwenye kubwa, unazidisha kwa 60, unapata maili za majini, alama hizo unaziacha za nini dada yangu. Tukafanya Tanga na Mtwara tukajifanya ziko mstari mmoja, Tanga kama nyuzi 5 kusini, Mtwara kama 10, maili 300, mteja mmoja mzee anasubiri kutoa hela akauliza kwani mnasafiri lini.

Sasa kilichonichekesha leo kwenye kauntabuku ni zile kurasa zisizo na swali. Nilijiwekea kwamba nisipofanya naandika tarehe na sababu. "Mtoto ana homa." "Umeme hakuna na tochi haina chaji." "Msiba kwa jirani." "Nimelala." "Nimelala." "Nimelala tena." Nimehesabu, visingizio 61, maswali 318, kuanzia Septemba 2023 mpaka Novemba 2024, na kuna siku hata tarehe sikuandika. Julai karibu yote ni tarehe tupu, nilikuwa nimekata tamaa wala sikumbuki nilirudije. Tarehe 2 Agosti kuna swali la seti, la form two kabisa, rahisi, limepata vema, limeandikwa kwa mwandiko mbaya.

Mtihani wenyewe sina mengi. Tulikaa vijana wadogo na sisi wakubwa, mbele yangu baba mtu mzima na miwani yake, nikaanza na yale ya kwangu, mengine nikagusa nilipoweza, nikatoka nikanywa maji.

Januari matokeo yametoka mtandao umelemewa, dogo wa boda ndo aliyeyafungua kwenye simu yake, akanyamaza kwanza, mshenzi yule, halafu akanionyesha. D. Mama nikampigia, akauliza, "D ndo umeshinda mwanangu?" Nikamwambia ndiyo mama. Akapiga kigelegele kwenye simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio.

Kozi ya jioni nimeanza mwezi uliopita, na somo la kwanza kwenye ratiba, amini usiamini, hesabu za biashara. Nimenunua kauntabuku mpya ya kwaya mbili. Ukurasa wa kwanza una tarehe ya jana, chini yake nimeandika, "Nimelala."