Mimi Si Mghana, Natafuta Għana

Naanza na euro 45 kwa sababu mpaka leo zinaniuma. Usiku wangu wa tatu Malta nilinunua tiketi ya "usiku wa muziki wa asili" pamoja na chakula, katika hoteli moja ya ufukweni. Piga hesabu mwenyewe kwa shilingi; mimi nilipiga nikiwa nimeshalipa, ikapita laki. Nikaletewa sungura aliyepikwa kwa mvinyo, ambaye sikumgusa, na kijana mwenye kinanda akiimba nyimbo za Kitaliano. Katikati walipita wasichana wanne na mavazi ya kukodi, wakazunguka dakika kumi, wakaondoka. Nikalala na mkate na jibini.

Mdogo wangu, ambaye ndiye niliyekwenda kumtembelea, alicheka hadi akakaa chini. Anasoma katika ile taasisi ya kimataifa ya sheria za bahari iliyoko kisiwani tangu 1988, na alikuwa na mitihani, kwa hiyo siku nyingi niliranda peke yangu. "Kaka, asili gani inauzwa hotelini? Nenda mji wa Żejtun Jumapili asubuhi, uulizie għana, uimbaji wao wa asili."

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Sikujua kwamba hiyo *għ* yao huandikwa tu, haitamkwi. Wao wanasema "aana", wakivuta. Mimi nikaenda kituo cha mabasi nje ya lango la Valletta, mji mkuu, nikamwambia dereva kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayejua anakokwenda: "Natafuta Ghana."

Akanitazama juu hadi chini. "Unatoka Ghana?"

"Hapana. Naitafuta."

"Uwanja wa ndege ni basi jingine, rafiki."

Abiria nyuma yangu wakaanza kucheka. Mama mmoja mwenye kikapu akanishika mkono kwa huruma, akaniambia alikuwa na jirani Mghana, kijana mzuri sana, huenda tunajuana. Nikasema mimi natoka Zanzibar. Akasema ndiyo, ndiyo, Ghana. Nikajaribu kuigiza gitaa kwa mikono. Dereva akadhani nataka kupigia abiria muziki ndani ya basi, akanionyesha kidole cha onyo. Mwisho nilitoa simu nikamwonyesha neno lililoandikwa. Basi zima likapumua kwa pamoja: "Aaa! *Aana*!" Nikalipa euro 2 na nusu, nikakaa, masikio yakiwaka.

Nikiwa dirishani ndipo akili iliponijia. Ghani. Kughani! Neno letu lenyewe, limetoka Uarabuni likapita kaskazini huko kama lilivyopita pwani kwetu. Na Żejtun ninakokwenda ni zeituni. Tangu nilipofika nilikuwa nimezisikia sokoni hesabu zao, *għoxrin, tletin, erbgħin, ħamsin, mija, elf*, nikadhani natamani tu nyumbani. Bahari ni *baħar*, dunia ni *dinja*. Ni Wakatoliki hasa, lakini Mungu wanamwita Alla, na Kwaresima wanaiita Randan. Mtu unaweza kukaa pale wiki nzima huelewi sentensi hata moja na bado kila mara ukageuka ukidhani umeitwa.

Baa wanamoimba ni chumba kirefu chenye viti vya plastiki. Kiingilio hakuna. Nikaagiza chai, ikaja kwenye gilasi, ya maziwa, tamu, nikamsamehe dereva. Wapiga gitaa watatu wameketi, waimbaji wanne wamesimama, wazee wa kazi za bandarini kwa kuwatazama, mmoja mkono mfukoni kana kwamba anasubiri kinyozi.

Wanachokifanya kinaitwa *spirtu pront*, na ni malumbano. Wa kwanza hukabiliana na wa tatu, wa pili na wa nne, kila mmoja ubeti wa mistari minne, mstari wa pili na wa nne ikikutana kwa vina. Hakuna kilichoandikwa. Mwenzako akikuchoma, una muda wa gitaa kuzunguka mara moja tu, kisha baa nzima inakungoja. Mambo huenda hivyo saa nzima au zaidi, mpaka wafunge kwa beti za *kadenza*.

Kijana mpiga gitaa aliyekuwa anapumzika alisogea kunitafsiria. Ghafla akaniambia, "Sasa wanakutaja wewe." Alinipa maana, vina nimevitia mwenyewe:

Mgeni wetu wa chai,
divai ameikwepa;
wewe umekunywa pipa,
bado deni hujalipa.

Lilikuwa kombora la mpinzani, mimi nilikuwa jiwe la kurushia tu. Lakini watu walinigeukia, na mzee mmoja akanyoosha kiganja: zamu yako. Nikakataa. Akaendelea kunyoosha. Magitaa yakazunguka. Nikasimama, na kilichotoka ndicho kilichokuwa kimenikaa kooni siku tatu:

Hotelini nimelizwa
arobaini na tano;
hapa bure nimetuzwa
kwa matusi na maneno.

Hakuna aliyeelewa, ila yule mzee alinyanyua kichwa. "*Erbgħin?*" Arobaini? Nikasema, "Euro!" Nikataja na hoteli. Baa ikaangua kicheko ambacho sitakisahau.

Baadaye, nje, yule kijana alinieleza kwamba aliwahi kupata ruzuku ya Baraza la Sanaa la Malta kufundisha gitaa la għana kwa watoto. Baraza hilo liko kwa sheria ya 2015, likirithi lile la 2002, na haliendeshi fedha za wasanii tu. Chini ya mwavuli wake wamo hadi wasanii wanaopeleka kazi kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice. Ukitaka fedha unasubiri tangazo, unaandika wazo, bajeti na wenzako ni nani, kisha wakadiriaji wa nje wanatoa alama. Nilimuuliza kwa nini serikali ijisumbue. Akaniuliza nami: kisiwa hiki kina watu nusu milioni na kidogo, lugha hii si ya taifa jingine lolote, nikirekodi albamu nitamuuzia nani, shangazi zangu?

Hesabu hiyo sina pa kuipinga. Nchi nzima ni kilomita za mraba 316. Unguja peke yake inaimeza mara tano. Sisi tuna Kiswahili, soko mpaka Lubumbashi.

Mzee wa kiganja, aliyekuwa anatusikiliza, yeye aliguna. "Fomu inataka niandike nitaimba nini. Nitajuaje, kabla huyu hajanitukana?" Kijana akajibu kwamba ndiyo maana fomu anaijaza yeye.

Għana iliingia kwenye orodha ya UNESCO ya turathi Desemba 2021, katika kikao kilekile kilichopitisha rumba ya Kongo na ngoma ya moutya ya Shelisheli. Kijana alikuwa anajua hilo la rumba. Mzee hakujua hata la kwake, au alijifanya.

Nikabaki nawaza nyumbani. Kwetu baraza ni ile ya jiwe mbele ya nyumba kabla haijawa ofisi yoyote, na BASATA yenyewe, baraza la sanaa la taifa la bara, ina sheria ya 1984, wakati mimi nilikuwa nasoma chuo cha Kurani kwa mkeka. Lakini mfuko wa mwimbaji wa taarabu nimeuona kwa macho tangu utotoni: kina mama wanainuka mmoja mmoja, wanacheza hadi mbele, wanamtuza. Noti inawekwa mkononi kwa sababu ubeti umemgusa mtu au umemchoma jirani yake. Hakuna fomu. Ila pia hakuna anayetuza mtoto ashike udi miaka mitano kabla hajaweza kupiga kitu cha kusikilizwa, na wapigaji niliowajua mimi wengi wamekwisha. Hilo la gitaa la watoto nililionea wivu kuliko nilivyokionea wivu kitu chochote Malta, pamoja na zile nyumba zao za mawe zisizovuja.

Nilipoangalia saa ilikuwa mchana tayari. Basi la kwanza likapita limejaa, halikusimama. La pili lilikuja baada ya dakika 40, na tiketi yangu ilikuwa ya muda wa saa mbili tu, nao umekwisha. Nikatoa euro nyingine 2 na nusu.