Miaka minne na nusu ya 3.83

Jumapili iliyopita chama chetu cha kuweka akiba kilikutana Bamburi, Mombasa, nyumbani kwa mweka hazina. Tuko wanawake kumi na wawili, tuna shilingi 60,000 zilizolala, na jambo la kuamua lilikuwa moja tu: tununue hisa za shirika la ndege la Kenya Airways au tuachane nazo? Mmoja wetu alishikilia kwamba hisa ambayo bei yake haifiki hata ya soda haiwezi kumtia mtu hasara kubwa. Mwingine akamjibu kwamba Warren Buffett, yule mwekezaji wa Marekani, pamoja na utajiri wake wote, mwaka 2020 aliuza hisa zake zote za mashirika ya ndege ya Delta, American, Southwest na United. Kisha wakanigeukia mimi, kwa kuwa wanajua hisa hizi zimo nyumbani kwetu tangu 1996. Nilisema machache, chai ikaletwa. Usiku niliporudi Likoni nikaona mengi yamenibakia kifuani, ndiyo haya.

Mwaka 1996 serikali ilipouza sehemu kubwa ya shirika, shirika la ndege la KLM la Uholanzi lilichukua asilimia 26, nasi wananchi tukauziwa kwa shilingi 11.25 kila hisa. Waliojitokeza walipita laki moja. Mama alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, Kisauni. Alinunua hisa 800, shilingi 9,000 taslimu, na pesa hizo zilikuwa zaidi ya mshahara wake wa mwezi. Cheti alikitia kwenye bahasha ya kaki, bahasha akaitia kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, pamoja na cheti chake cha ndoa na stakabadhi za kiwanja. Yeye alikuwa mtu mzima East African Airways ilipovunjika na Kenya Airways ikaanzishwa, 1977, kwa hiyo kwake ile haikuwa karatasi ya biashara. Alipopanda ndege kwa mara ya kwanza, Mombasa kwenda Nairobi kwenye mazishi, alikaa wima safari nzima mkoba ukiwa mapajani, na kile kipande cha tiketi alichorudishiwa mlangoni kikaingia kopo lilelile. Kingali humo.

Mwaka 2006 hisa moja ilipita shilingi 100. Nilikuwa nimeanza kazi ya uhasibu, nikampigia hesabu mezani: 800 mara 100 ni 80,000, Mama, tuuze. Akanitazama kama anavyomtazama mtoto aliyeruka mstari wa kusoma.

“Mwanangu, mtu hauzi shamba kwa sababu jirani kalisifu.”

Nilikasirika sana siku ile. Sasa sikasiriki, maana nimeelewa kwamba wengi walionunua 1996 walinunua hivyo hivyo. Magazeti yanapoandika kuhusu imani ya wawekezaji, huwazungumzia mameneja wa mifuko ya Nairobi na wageni wa London, watu wanaoingia asubuhi na kutoka jioni. Kuna imani nyingine iliyokaa kwenye makopo ya biskuti Kisauni, Kakamega na Nyeri, ambayo haiuzi hata ikitishwa. Hiyo haionekani kwenye takwimu za soko, ila ipo, na nadhani viongozi wa nchi wanaijua na wanaitegemea.

Yaliyofuata nayapitia haraka kwa sababu bado yanauma. Mei 2007 ndege ya shirika ilianguka Douala, Kameruni, watu 114 wakafa. Desemba tukapiga kura, nchi ikawaka, watalii wakaondoka, na sisi wa Pwani tunakumbuka hoteli zilivyofunga milango. Mwaka 2012 shirika likataka shilingi bilioni 20.7 za upanuzi, wenyehisa wa zamani wauziwe hisa mpya 16 kwa kila 5 walizo nazo, shilingi 14 moja. Zikapatikana bilioni 14.5. Haki ya Mama ilikuwa hisa 2,560, yaani shilingi 35,840. Hatukuwa nazo. Nilikopa kwenye sacco, tukachukua 1,000 kwa 14,000. Uamuzi huo ni wangu, Mama alisaini kwa kuniamini. Agosti 2013 JKIA, uwanja mkuu wa ndege wa Nairobi, ikaungua, Septemba likaja shambulio la kigaidi la Westgate, 2014 Ebola. Mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2015 ulifunga na hasara ya bilioni 25.7, na uliofuata bilioni 26.2.

Ndipo 2017 madeni yakageuzwa kuwa hisa. Serikali ikawa na asilimia 48.9, mabenki ya hapa nyumbani yaliyokuwa yakilidai shirika yakapata 38.1, KLM ikashuka hadi 7.8. Na kila hisa nne za zamani zikawa moja. Nilikwenda Kisauni kumweleza Mama. Alikuwa kwenye mkeka anachambua kunde kwa uteo. Nikachukua punje nne nikazipanga, nikaziondoa, nikaweka moja mahali pake. Akaitazama ile moja kwa muda.

“Na zile tatu kachukua nani?”

Nilimwambia hakuna aliyezichukua. Kuunganisha hisa peke yake hakumpunguzii mtu kitu, ni kama kubadilisha noti nne za hamsini upewe moja ya mia mbili. Kilichotupunguza ni zile hisa mpya mabilioni waliyopewa serikali na mabenki: mkate ni uleule, walaji wameongezeka, kipande chetu kimekuwa chembe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akarudisha punje zote tano kwenye uteo. Hisa zetu 1,800 zikawa 450.

Lakini si hilo lililonifanya niandike. Hasara ya soko ninaijua, nimesomea hesabu. Kilichonifundisha ni kile kipindi kirefu ambacho hapakuwa na soko kabisa.

Julai 2019 Bunge liliunga mkono shirika litaifishwe, yaani liwe mali ya serikali lote. Mwaka 2020 mswada ukaandikwa, na tarehe 3 Julai hisa zikasimamishwa, zisiuzwe wala zisinunuliwe, ili watu wasibahatishe wakati serikali inapanga. Bei ya mwisho ilikuwa shilingi 3.83. Tuliambiwa ni kwa muda. Muda ukaongezwa, ukaongezwa tena, na Mama ambaye kila Ijumaa huniuliza kwenye simu “Ngapi leo?” nikawa namjibu namba ileile.

Hebu tazameni yaliyopita humo katikati. Korona ikafunga anga, na mwaka 2020 ukaisha na hasara ya bilioni 36.2: hisa, 3.83. Agosti 2022 tukapiga kura, tukangoja Mahakama ya Juu: 3.83. Novemba marubani wakagoma, safari zikafutwa: 3.83. Januari 2024 Tanzania ikatangaza kuzuia safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa sababu Air Tanzania ilikuwa imenyimwa kibali cha ndege yake ya mizigo upande wetu, na viongozi wa pande mbili wakayamaliza kabla zuio halijaanza: 3.83. Aprili hiyo wafanyakazi wawili wa shirika wakakamatwa Kinshasa, safari za huko zikasimama: 3.83. Septemba wafanyakazi wa viwanja vya ndege wakagoma kupinga mpango wa kuikabidhi JKIA kwa kampuni ya Adani, na Novemba Rais Ruto akaufuta mpango: 3.83.

Jambo lolote kati ya hayo lingetikisa bei. Mwenye hofu angeuza, mwenye imani angenunua, na mimi nisiyeingia ofisi ya mtu yeyote ningejua, kwa kuitazama namba tu, wanaojua zaidi yangu wanaonaje. Bei ndiyo barua pekee anayoandikiwa mwenyehisa mdogo. Ikikatwa, kinachobaki ni uvumi, na kwenye vikundi vya WhatsApp uvumi ulijaa tele: serikali italipa hivi, serikali haitalipa kitu, amekuja mzungu fulani, amekwenda. Niliwaona watu waliokuwa tayari kupokea hasara yao, wahesabu, wasahau, waendelee na maisha, lakini hata hasara yenyewe hawakupewa. Mtu aliyekuwa na karo ya kulipa 2021 alikuwa na mali asiyoweza kuigeuza hata mkate. Kwa maoni yangu hili ndilo linalomwondoa mwekezaji mdogo sokoni moja kwa moja. Bei mbaya humuumiza, lakini hujifunza nayo. Kufungiwa mlango humfundisha kwamba pale si mahali pake.

Na yote hayo kwa mswada ambao haukupita.

Jumatatu tarehe 6 Januari 2025 zuio likaondolewa. Nilikuwa kwenye feri ya saa tatu, nimebanwa kati ya baiskeli ya muuza mikate na ubavu wa pikipiki, simu mkononi, data inakatika katikati ya maji. Soko hufunguliwa saa tatu na nusu. Nilishuka kisiwani, nikasimama pembeni ya njia ya kupandia, watu wakinipita, mpaka ukurasa ukafunguka. Haikuwa 3.83. Imepanda. Sokoni Nairobi hisa hairuhusiwi kuruka zaidi ya asilimia 10 kwa siku, kwa hiyo nyongeza yenyewe ilikuwa ni senti, ila machozi yalinitoka nikayafuta na ncha ya mtandio.

Wiki ileile nikampigia dalali wa hisa. Kijana mpole. “Mama, tuuze zote?” Nikamwambia auze 250, zile zilizotokana na mkopo wangu wa 2012. Zile 200 zilizotokana na 800 za Mama zibaki. Sikuweza.

Sasa nije kwa swali la chama. Shirika limejitahidi, na asiyekubali hilo hajasoma hesabu zake. Mwaka 2023 shughuli zenyewe za kurusha ndege zilileta faida ya bilioni 10.5, lakini mwaka ulifungwa na hasara ya bilioni 22.7. Tofauti hiyo kwa sehemu kubwa ni dola. Mafuta, ada za kukodi ndege na madeni mengi hulipwa kwa dola, na shilingi yetu ilikuwa inaporomoka, mpaka Januari 2024 dola moja ilikaribia shilingi 160. Shilingi ilipojiinua ikatulia kama 129, mwaka 2024 ukaleta faida ya bilioni 5.4, ya kwanza katika miaka kumi na mmoja. Kwa hiyo aliyenunua hisa za ndege alikuwa amenunua pia kiwango cha dola bila kujua. Kisha nusu ya kwanza ya 2025, ndege 3 kati ya 9 kubwa aina ya Boeing 787 zilikaa chini kwa shida ya injini, mapato yakashuka kwa karibu moja ya tano, na hasara ikawa zaidi ya bilioni 12. Ndege tatu tu! Lakini ndege kubwa ikikaa chini, gharama yake haikai chini pamoja nayo.

Hayo yote mtu anaweza kuyafuatilia. Dola inatangazwa kila siku, na ndege zilizosimama zinahesabika. Lisilohesabika ni serikali. Inatafuta mwekezaji mkubwa wa kuingiza mtaji, uchaguzi mkuu ni Agosti 2027, na mwenye asilimia 48.9 ndiye huyohuyo anayeandika sheria za anga. Akitaka kutaifisha anaweza kuanza tena. Akitaka kuuza atauza kwa mtu na kwa bei anayoona yeye. Sisemi kuna ubaya nchi kuwa na shirika lake, mimi mwenyewe naitaka ndege ile nyekundu mkiani ibaki yetu. Ninachotaka ni kwamba kabla ya kubadilisha chochote, mwenyehisa mdogo aambiwe tarehe na bei.

Niliwaambia wenzangu: pesa ya chama isiende huko, kwa kuwa ina karo na matanga ndani yake na haiwezi kungoja miaka minne na nusu. Anayependa anunue kwa pesa yake, pesa ambayo hataiulizia. Tulipiga kura, tisa kwa tatu, tukaziweka 60,000 zetu kwenye dhamana za serikali za siku 91, yaani tumeikopesha serikali kwa muda huo. Aliyeleta wazo hakufurahi, nami namwelewa, maana macho yake yaliwaka kama ya Mama alipokuwa akiniambia habari za shamba.

Mkutano mkuu wa wenyehisa hupokea maswali kwa maandishi. La kwangu nimeshaliandika kwa niaba ya mwenye hisa 200, na Mama amelisaini kwa mwandiko wake wa ubaoni: mwekezaji mkubwa akipatikana, sisi tulionunua 1996 tutalipwa shilingi ngapi kwa hisa, nani atakayeipanga bei hiyo, na soko litaendelea kuwa wazi wakati inapopangwa?