Siku moja maishani mwangu: Sapporo, kondoo wa kuchoma na kiti cha mgeni

Saa 11:30 alfajiri

Nimeamshwa na katapila la theluji. Mwezi Januari huku linapita kila usiku mbele ya jengo letu, na asubuhi barabara inakuwa na kuta nyeupe kila upande. Nikainjika chai, nikafungua daftari kwenye ukurasa wa majina.

Leo mimi ni kanji. Sisemi zile herufi za Kijapani. Kanji ninayemsema ni mtu anayekabidhiwa shughuli ya chakula cha pamoja kazini: anatafuta mkahawa, anahesabu watu, anapanga viti, anakusanya pesa, na mwisho anaangalia kama kila mtu amewahi treni. Jukumu linazunguka, na zamu yangu imeangukia wiki ambayo maabara yetu ya magonjwa ya mifugo ina mgeni kutoka Zanzibar, mama mmoja daktari wa mifugo. Siku ya kwanza tu aliniambia, "Mwanangu, nasikia huku mna kondoo wa kuchoma mezani. Nikirudi Unguja sijamwonja, wataniuliza nilifuata nini."

Chakula chenyewe kinaitwa jingisukan, yaani Genghis Khan, yule mtawala wa kale wa Wamongolia. Mwenzetu kutoka Mongolia anasema kwao kondoo zaidi huchemshwa, tena kwa chumvi tu, na kikaango kinachotumika huku hakukiona mpaka alipofika Japani. Ni chakula cha Hokkaido, kisiwa cha kaskazini mwa Japani ambako Sapporo ipo. Mwaka 1918 serikali ya Japani ilipanga kufuga kondoo milioni moja, kwa sababu Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekata sufu kutoka nje na jeshi lilihitaji sare. Vikafunguliwa vituo vya kufugia, viwili kati yake huku Hokkaido: Takikawa, na Tsukisamu ambayo leo ni mtaa wa Sapporo. Sufu ndiyo iliyotakiwa, nyama ikabaki mikononi mwa watu, wakatafuta namna ya kuila. Baadaye sufu ya kigeni ilipofunguliwa milango, kondoo wa huku wakapungua sana. Nyama tutakayokula leo imetoka Australia.

Saa 2:15 asubuhi

Treni ya chini ya ardhi, njia ya Namboku, hadi Kita-Juhachi-jo. Treni za Sapporo zinakwenda kwa matairi ya mpira, kwa hiyo ndani kumetulia na mtu anaweza kufikiri. Nikafikiri juu ya vikaango.

Kikaango cha jingisukan ni cha chuma kizito, kimevimba katikati kama nundu ya ng'ombe wetu, na kina mifereji inayoteremka hadi ukingoni. Kipande cha shahamu hupakwa juu kabisa, nyama inalazwa mgongoni, na mboga zinazungushwa chini: kitunguu, kabichi, boga, chipukizi za choroko. Nyama ikiiva, mafuta yake yanateremka kuziivisha mboga. Ndiyo maana kikaango kimoja hulisha watu watatu au wanne. Na ndiyo maana nimekosa usingizi, kwa sababu ukishiriki kikaango umeshiriki kila kilichomo.

Katika watu tisa, Waislamu ni wawili: Mama, yule mgeni wetu, na mwanafunzi wetu kutoka Indonesia. Mkahawa wa kwanza niliopiga simu ulinijibu kwamba kondoo si nguruwe, basi hakuna tatizo. Tatizo lipo. Kondoo kachinjwa vipi? Shahamu ni ya mnyama gani? Mchuzi wa kuchovyea, ambao ndio roho ya jingisukan ya Sapporo, kwa kawaida una sosi ya soya, tunda la kusaga, tangawizi, na mara nyingi sake au mirini, ambavyo ni vileo. Kule Takikawa ndiyo kabisa, maana huko nyama hulowekwa kwenye mchuzi kabla ya kuchomwa. Hapa mjini huchomwa kavu, kisha kila mtu anachovya mwenyewe. Kwa shughuli yangu, kavu ndiyo iliyoniokoa.

Mkahawa wa tatu ulinisikiliza. Jumatatu nilikwenda mwenyewe kabla hawajafungua, na mwenye mkahawa akanitolea boksi la nyama kutoka kwenye friza ili nisome lebo. Muhuri wa halali ulikuwepo; machinjio mengi ya Australia na New Zealand yanayouza nje yana cheti hicho. Nikapiga picha, nikamtumia Mama, akanijibu, "Mwenyezi Mungu akuzidishie." Shahamu yao ni ya kondoo. Tulikubaliana kikaango kipya, koleo mpya, kisu na ubao vilivyooshwa upya, na chumvi na ndimu badala ya mchuzi.

Saa 4:00 asubuhi

Sampuli haziingoji karamu. Saa mbili nzima na pipeti mkononi, simu nimeiacha nje.

Saa 6:20 mchana

Bado viti. Japani viti vina heshima yake: kamiza, mahali pa mbali na mlango, ni pa mkubwa na mgeni. Shimoza, karibu na mlango, ni pa kanji, ili ainuke kuita mhudumu bila kusumbua watu. Jana nilichora vikaango vitatu, na bila kufikiri nikaweka kile cha halali mwisho, karibu nami, nikisema nitakilinda. Leo nilipoutazama tena ule mchoro, mwili ulinisisimka. Nilikuwa nimemketisha mgeni wa heshima mlangoni kwa sababu ya chakula chake.

Nikageuza karatasi. Kikaango cha halali kiende kamiza. Lakini hapo ndipo anapoketi Profesa wetu, na Profesa anapenda bia yake na mchuzi wake. Nikamfuata kwenye korido, nikamweleza kama mtoto anayeomba ruhusa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja: je, chai ya bancha inaruhusiwa? Nikamwambia inaruhusiwa. Akasema basi atakula kwa chumvi na chai, tena kwa chumvi mtu anaijua nyama.

Mama nilimuuliza wazi kama bia za wenzetu kwenye meza za jirani zitamkera. Kumuuliza mtu ana kwa ana ni heshima zaidi kuliko kumkisia. Akasema, "Wao na vyao. Mradi visinisogelee sahani."

Saa 8:00 mchana

Mhadhara wa Mama, ukumbi umejaa. Alizungumzia sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa ambao dunia imejiwekea lengo la kuutokomeza ifikapo 2030, kama ilivyotokomezwa sotoka ya ng'ombe, iliyotangazwa kwisha mwaka 2011. Alieleza mfugaji anavyoamka akakuta zizi zima linatoa kamasi na kuharisha, na ada za shule za watoto zikaenda na mifugo hiyo. Nilimtazama nikajua kwa nini anamheshimu kondoo kuliko sisi tunaomkuta amekatwa vipande vyembamba kwenye sahani.

Saa 10:10 jioni

Nje kumeshaanza giza. Ujumbe: mtu mmoja ana homa, haji. Dakika tano baadaye mwingine anauliza kama anaweza kuja na mkewe. Tisa wamebaki tisa, lakini mke hali kondoo kabisa. Nikaupigia mkahawa simu, wakaahidi mboga za ziada na kuku kwenye kikaango cha tatu. Kanji akibadilisha hesabu siku hiyohiyo bila kupiga simu, mwenye mkahawa anabaki na nyama aliyokwisha kuikata, na huo ni uonevu.

Saa 11:00 jioni

Nikamtumia Mama saa ya kukutana. Niliichagua 19:00, yaani saa 1 usiku, kwa sababu majira haya Isha huku huingia baada kidogo ya saa 12 jioni, na msikiti upo karibu na chuo. Angeswali, kisha aje kula akiwa ametulia. Tena tofauti ya Unguja na Sapporo ni saa sita kamili. Mama hajairekebisha saa yake ya mkono, na mshale mfupi ukifika kwenye moja, nyumbani wanasema saa 7 mchana, na hapa ni saa 1 usiku. Saa isiyorekebishwa inasoma Kiswahili sawasawa! Tuliligundua jambo hilo pamoja juzi kwenye lifti, akaapa hataigusa mpaka apande ndege.

Saa 12:30 jioni

Nimetangulia mkahawani. Kikaango kipya kipo, kimewekwa kamiza, na koleo zimefungwa utepe mwekundu. Utepe sikuuomba mimi. Mwenye mkahawa aliufikiria mwenyewe. Mifuko mikubwa ya plastiki imepangwa mlangoni kwa ajili ya makoti, kwa maana moshi wa kondoo ukiingia kwenye sufu hautoki wiki nzima.

Saa 1:00 usiku

Wote wamefika. Tukafunga aproni za karatasi, makaa yakaletwa. Mama alitazama kikaango kwa muda, akasema kinafanana na kawa lililopinduliwa. Akapiga bismillahi, akaweka kipande cha kwanza yeye mwenyewe. Nyama hii ni ya mwanakondoo ambaye hajafika mwaka, na ni nyembamba. Ukisubiri iwe kama nyama choma ya kwetu umeshaiharibu. Profesa alimwonyesha: geuza mara moja, wekundu ukianza kufifia, toa. Mama akachovya kwenye ndimu na chumvi. Akanyamaza. Akachukua kipande cha pili kabla hajasema neno.

"Hana harufu," akasema hatimaye. "Nilidhani watanipa beberu."

Kilichomshangaza zaidi ni boga. Lilikuwa limekaa ukingoni robo saa likinywa mafuta, limelainika, tamu. Akamtaka kijana wa Indonesia asimalize. Upande wa pili bia zilipanda na kushuka, na mke wa mwenzetu akala kuku wake kwa raha. Mimi sikukaa sana, kanji hakai, lakini kila nilipopita kamiza Profesa alinisukumia kipande kwenye kisahani.

Saa 3:00 usiku

Hesabu: yen 4,500 kila mmoja, mgeni halipi, kwa hiyo wanane tukagawana sehemu yake. Bahashishi haipo katika desturi za huku. Nikarudi jikoni kushukuru kwa kuinama, na mwenye mkahawa akaniuliza zile koleo azihifadhi na utepe wake au aufungue. Nikamwambia azihifadhi.

Saa 4:15 usiku

Kwenye treni Profesa alikaa karibu nami. Theluji ikiyeyuka, alisema, wanafunzi wataanza kuchoma kondoo kwenye nyasi za chuo kama kila mwaka, na angependa maabara yetu ishiriki. Akauliza boksi lile lenye muhuri linauzwa wapi. Nikatoa daftari, nikaandika ukurasa mpya: Mei, kikaango kimoja cha halali, ndimu, boga jingi.