Nilivyopata ruzuku ya utafiti nikiwa mwanafunzi wa uzamili

Nilipoanza shahada ya uzamili nilikuwa na ufadhili wa karo, ila sikuwa na senti ya utafiti. Watu huvichanganya sana vitu hivi viwili. Anayekulipia masomo halipii utafiti mpaka barua yake iseme hivyo, na watoaji wengi wa ruzuku za utafiti nao hawataki fedha zao ziguse karo wala mshahara wako. Chuo kilikuwa na maabara, jokofu na mashine ya PCR (ya kunakili vipande vya DNA). Kilichokosekana ni vile vitu vya kutumia na kutupa: agari (rojo ya kukuzia bakteria), sahani za petri za kuiwekea, diski za antibayotiki (vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa), glavu, pamoja na nauli ya kwenda kuchota sampuli. Utafiti wangu ulihusu bakteria sugu kwa dawa katika maji ya mto.

Sikuanzia kwenye tovuti za matangazo. Nyingi zinarudia nafasi zilizokwisha kufungwa, na nyingine zinakutaka ulipe kwanza (mtu akikuomba fedha ili akupe fedha, kimbia). Nilianzia mwisho wa makala za kisayansi, pale juu ya marejeo ambapo waandishi huwashukuru waliowafadhili. Nilitafuta makala za kazi inayofanana na yangu, hasa ambazo mwandishi wa kwanza alikuwa mwanafunzi, nikaandika kila jina la mfadhili nililolikuta.

Kisha ikaja kazi ya kuchuja. Sigma Xi, chama cha wanasayansi kilichoanzishwa Marekani mwaka 1886, kimekuwa kikitoa ruzuku ndogo kwa wanafunzi tangu 1922, lakini sehemu kubwa ya fedha hizo ni ya wanachama au ya wanafunzi ambao wasimamizi wao ni wanachama. Rufford Foundation ya Uingereza inajali uhifadhi wa viumbe. Bakteria wangu hawahifadhiwi na mtu. IDEA WILD nayo iko upande huo huo wa uhifadhi, na badala ya fedha inakupa kifaa chenyewe. OWSD, shirika la wanawake wanasayansi wa nchi zinazoendelea lenye makao Trieste, Italia, inafadhili wanawake wanaosoma uzamivu. International Foundation for Science ya Stockholm, iliyoanza 1972, ilikuwa ikilenga watafiti chipukizi wa nchi zinazoendelea. Nikabaki na majina machache, na juu kabisa nikaweka chama kimoja cha kitaaluma cha fani yangu. Fedha zake zilikuwa kidogo. Ila fomu ilikuwa fupi, wasomaji wake wanaijua fani, na kiasi hicho kilitosha kabisa mahitaji yangu. Mpaka leo naona mwanafunzi anayeanza na ruzuku kubwa za kimataifa anajitesa bure.

Andiko lenyewe lilikuwa kurasa mbili. Kila mtu katika eneo langu huanza na “usugu wa dawa ni tatizo kubwa duniani”, jambo ambalo wahakiki wanalijua kuliko sisi. Mimi nilianza na swali: je, bakteria wanaopatikana mtoni baada ya maji kupita bomba la majitaka ni sugu kuliko wanaopatikana kabla ya kulifikia, katika mto ule ule? Baada ya hapo mbinu zilijieleza zenyewe, kwa sababu msomaji alishajua natafuta nini.

Muda mwingi niliutumia kwenye bajeti. Wanafunzi wengi huiandika usiku wa mwisho, nami nadhani ndiyo inayosomwa kwa jicho kali kuliko zote, maana hapo ndipo inapoonekana kama umewahi kusimama kwenye meza ya maabara. Mfano ni mstari wa diski. Nilipanga kupima bakteria 40 kwa dawa 6, kila kipimo mara 3: diski 720. Zinauzwa kwa mirija ya diski 50, kwa hiyo kwa hesabu ya haraka mirija 15 inatosha. Lakini kila dawa ina mirija yake, na kila dawa inahitaji diski 120, yaani mirija 3. Jumla ni 18. Zinazobaki, 30 kwa kila dawa, nikaeleza kwamba ni za kupimia E. coli ATCC 25922, bakteria wa kulinganishia, kila siku ya kazi. Maelezo hayo yalichukua mistari miwili chini ya jedwali.

Msimamizi wangu aliipitia akaweka kalamu kwenye mstari mmoja tu. “Hiyo kompyuta itoe,” akasema. “Wataona unatafuta kompyuta.” Nikaitoa. Barua yake ya kunipendekeza niliiomba mapema, nikamwachia nusu ukurasa wa hoja: swali, ratiba, na nilichokwisha kufanya katika majaribio ya awali.

Mfadhili mwingine alinikataa. Yule wa chama akakubali.

Kupewa ni jambo moja, kuzishika ni jingine. Fedha zilipitia akaunti ya chuo, na vyuo vingi hukata asilimia fulani ya uendeshaji. Masharti ya ruzuku yalikataza makato hayo, nikapeleka ukurasa huo kwa mhasibu kabla fedha hazijaingia. Manunuzi yalienda polepole, basi nikaagiza kwanza vile vinavyotoka mbali. Risiti nilizipiga picha siku ile ile, kwa kuwa zile za karatasi laini hufutika wino zikikaa. Nauli ilipobaki na agari ikapungua, nilimwandikia mratibu wa ruzuku barua pepe ya mistari minne kuomba nihamishe fedha. Akajibu kesho yake kwamba niendelee, ila nionyeshe mabadiliko hayo kwenye ripoti ya mwisho.