Raba niliyoiunguza kisimani

Kila niliyemuuliza nitie pampu gani kwenye kisima changu cha mafuta alinipa jibu lilelile: tia pampu ya umeme ya kuzama, inavuta mengi, basi. Nikaitia. Huku kusini mwa Oman, nilikokuja kutafuta riziki kutoka Unguja, mafuta ni mazito na yanapanda na mchanga. Pampu ile ina magurudumu madogo yaliyopangwa mengi, yanazunguka karibu mara 2,900 kwa dakika. Mchanga uliyasaga kama msasa. Haikumaliza miezi mitatu.

Kuinua mafuta kwa kusukumia gesi kisimani sikukuwaza. Gesi yenyewe iko wapi? Pampu ya kichwa cha punda nayo, ile inayoinama na kuinuka juu ya kisima, kwenye mafuta mazito kichwa kinashuka huku fito zake za chuma kisimani zingali zinajivuta.

Nikachagua ya skrubu: rota ya chuma iliyojipinda ndani ya raba, kitu alichobuni Mfaransa René Moineau miaka ya 1930. Mazito inayapenda, mchanga inauvumilia. Nilijigamba kantini nzima. Siku ya kuwasha nikaweka mizunguko 300 kwa dakika moja kwa moja. Mafuta yakaja, nikapiga picha, nikamtumia mama. Siku ya nne, kimya. Tulipoitoa, raba ilikuwa ngumu, imepasukapasuka kama kashata iliyoungulia sufuriani. Gharama ya kuleta mtambo na kuing'oa ingeninunulia gari, tena zuri.

Ami mmoja wa zamani kazini akanitazama: "Mwanangu, ulikiuliza kisima kinatoa kiasi gani?"

Sikukiuliza, nikavuta kuliko kinavyotoa. Raba ile inapozwa na mafuta yenyewe. Yakikatika, inaungua kwa dakika chache.

Pampu mpya tukaiwasha kwa 100. Kisha Ami akanifundisha kufyatua bunduki ya gesi juu ya kisima. Sauti inateremka nje ya bomba, kila kiungo cha bomba kinarudisha mwangwi mdogo, mpaka ule mkubwa inapogonga mafuta. Hesabu viungo, zidisha kwa mita tisa na ushei, urefu wa kipande kimoja cha bomba, umeshajua mafuta yako wapi. Tukawa tunafyatua kila baada ya siku mbili, tunaongeza 20. Kwenye 180 yalikuwa bado juu sana ya pampu. Kwenye 200 yakaporomoka. Tukarudi 180 mbio.

Na ukiizima pampu hii usisimame karibu na kichwa chake juu ya kisima: fito zinazoizungusha kutoka juu zimesokoteka kule chini, zinazunguka kinyume kwa hasira.

Sasa imepita mwaka inazunguka. Ami bado ananiita Bwana Mia Tatu, hata mbele ya wageni.