Laini ya Simu Juu ya Mtungi wa Gesi

Juu ya mtungi wa gesi jikoni kwangu pamefungwa mita ndogo yenye kioo kinachoonyesha kiasi cha gesi nilichobakiwa nacho, na ndani yake kuna laini ya simu ambayo hakuna anayeipigia. Kifaa cha namna hii ni sehemu ya kile kinachoitwa intaneti ya vitu, yaani vifaa vinavyotoa taarifa zake vyenyewe kupitia mtandao, jina ambalo Mwingereza Kevin Ashton alilibuni mwaka 1999 alipokuwa akifanya kazi Procter & Gamble, baada ya kusumbuliwa na rangi ya midomo iliyokuwa ikiisha madukani bila kampuni kujua.

Utendaji wake ni rahisi kuueleza. Kihisio hupima gesi inayopita kwenda jikoni, kisha laini hupeleka hesabu kwenye seva, kompyuta ya mbali inayotunza hesabu hizo, kupitia minara ileile tunayoitumia kwa simu. Nami nikilipa shilingi elfu mbili, seva hurudisha amri na vali hufunguka kwa mlio mdogo, tki, ambao paka wangu huuitikia kabla yangu. Salio likiisha, vali hujifunga, hata kama maharage hayajaiva.

Jioni moja nililipa mtandao ukiwa umekatika, amri isifike, na mchele ukabaki umeloa katika maji vuguvugu kwa saa nzima. Luku ya kawaida, mita ya umeme wa kulipia kabla, haina udhia huo, kwa sababu tarakimu 20 za tokeni ndizo zinazobeba amri, nawe huiingiza kwa vidole vyako mwenyewe. Jiko la mkaa nimelirudisha nyuma ya mlango.