Runinga iliingia gerezani zamani, kompyuta je?

Mjomba wangu aliingia gerezani 2006, akatoka 2021. Siku ya kwanza tulipanda matatu pamoja, naye kondakta akamwambia hana chenji, alipe kwa M-Pesa. Jina hilo alikuwa amelisikia huko ndani, kwa kuwa huduma yenyewe ilianza 2007, lakini nilipompa simu yangu aliishika kwa mikono miwili kama anayepokea bakuli la uji wa moto, asijue kidole kiguse wapi.

Tangu siku hiyo siwezi kukubaliana na wanaosema kwamba kumpa mfungwa kompyuta au burudani ni kumstarehesha. Uchungu wa waliokosewa nauheshimu, ila adhabu aliyoitamka hakimu ni kunyimwa uhuru, na Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa 2015, zinakataza gereza kuyazidisha mateso yatokanayo na adhabu hiyo, tena zinataka kuwe na michezo na shughuli za utamaduni.

Kuhusu burudani, Kenya ilikwisha kuamua. Moody Awori, alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia 2003, aliwapelekea wafungwa magodoro na runinga. Mjomba husema kwamba saa ya mpira ndiyo pekee ambayo hakuna aliyegombana na mwenzake.

Kompyuta ndiyo yenye uzito zaidi. Mfungwa mmoja wa Estonia alinyimwa tovuti tatu zenye habari za sheria, ikiwemo ya bunge, akashtaki, na Januari 2016 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikampa ushindi. Mahakama haikusema kila mfungwa afunguliwe intaneti, wala mimi sisemi hivyo. Wakenya tumechoshwa na jumbe za matapeli wanaopiga simu kutoka magerezani, na hofu hiyo ina msingi. Lakini utapeli huo hufanywa kwa simu zilizoingizwa kwa magendo, wala si kwa kompyuta iliyo maktabani, mbele ya askari, yenye sheria, masomo na programu ya kuandikia tu.

Rufaa yake mjomba aliiandika kwa kalamu, kurasa kumi na moja, mara tatu, kwa sababu nakala mbili za kwanza zilipotea kabla ya kusomwa na jaji.